Mawimbi Yasiyokuwepo

Jumatatu, 3 Machi

Kutwa nabandua ngozi za majani ya maharage. Bosi kaja na paja la kuku, kalila juu ya hadubini yangu huku akichungulia. Mafuta kwenye lenzi. Nimefuta kwa spiriti mara tatu, bado nasikia harufu.

Matokeo ni yaleyale. Dawa yake ya kuzuia jani lisipoteze maji ikiingia, kalsiamu inapanda ndani ya zile seli mbili zinazolinda kitundu cha jani. Rangi niliyotia kuionyesha kalsiamu inang'aa, seli zinanywea, kitundu kinafumba. Hadi hapo safi. Lakini ili kibaki kimefumba, kalsiamu ingetakiwa ishuke, ipande tena, ishuke — kwa mawimbi. Hii inapanda na kuganda hukohuko juu. Saa moja baadaye kitundu ki wazi, jani linapoteza maji kama kawaida. Vitundu arobaini nimepima. Thelathini na tano hivyohivyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea Bosi matokeo. Kasema vile vitano vyenye mawimbi vinatosha. Na vingine? Eti majani yangu yalikuwa yamechoka. Yamechoka! Niliyachuma mwenyewe asubuhi ileile.

Jumatatu, 10 Machi

Ripoti imetoka. Mawimbi kila ukurasa. Picha ya ukurasa wa nne na ya ukurasa wa saba ni kitundu kimoja, kimegeuzwa tu kushoto kulia. Nakijua, kina doa la vumbi pembeni. Jina langu liko la pili, chini ya lake.

Wenzangu wamenipa mkono. Nikasema asante. Ilitoka laini kabisa, bila kigugumizi. Uongo wa Bosi ni wake, lakini hiyo asante ni yangu mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Kaka kapiga simu, furaha tele. Kapuliza ile dawa shamba lake zima la maharage. Kumbe Bosi ameshaigawa kwa wakulima, na kipeperushi kina jina langu! Kaka kawaonyesha majirani wote. Kaacha kumwagilia kama kilivyoelekeza: siku kumi, jani litajitunzia maji lenyewe.

Nikamwambia awe anayaangalia majani.

"Niangalie nini tena, mdogo wangu? Si mmeshaangalia ninyi?"

Nikamuuliza habari za wanawe. Mwoga mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwandikia Kaka amwagilie leo. Sikusema kwa nini. Kajibu kwamba anafuata karatasi, na karatasi ina jina langu.

Simu ninayo mkononi. Kumpigia ni kubonyeza mara moja. Nimefua mapazia.

Ijumaa, 21 Machi

Kaka yupo maabara. Kaja na mfuko wa nailoni umejaa majani ya shambani kwake. Majani ya juu yamekauka, yanavunjika ukiyagusa. Ya chini yameoza njiani, yametoa ute mweusi. Chumba kizima kinanuka. Hajafoka. Kasalimia kila mtu, kauweka mfuko mezani taratibu kama anayemlaza mgonjwa.

Bosi kampokea kwa mikono miwili. Kamwita mzee, kamkalisha kwenye kiti changu. Kamweleza kwa upole kwamba pengine alichelewa kupuliza, pengine udongo wake una kasoro. Kaka anaitikia kwa kichwa. Anaitikia! Mtu aliyelima miaka ishirini anaambiwa hajui udongo wake, naye anaitikia, kwa sababu mimi nimesimama pale kimya.

Kisha Bosi kanigeukia, anatabasamu, mafuta ya mchana bado mdomoni. "Mtaalamu mwenyewe huyu hapa. Mdogo wako atakueleza."

Kaka kaniangalia. Si kwa hasira. Ananisubiri tu, kama alivyokuwa akinisubiri nimalize kumsomea barua tulipokuwa watoto.

Nikasema ngoja nifuate hadubini stoo.

Naandika haya nimekaa juu ya ndoo, stoo. Hadubini iko mezani, mbele yao. Wote wawili wanaiona. Bosi kaanza kucheka kidogo. Kaka hacheki. Nasikia kiti changu kinasogezwa, hatua zake zinakuja huku, polepole, na ule mfuko unachakacha —