Sentensi Niliyoiruka Kamanga

Dada Koku, shikamoo. Niko Kamanga, upepo wa ziwa unataka kuninyang'anya kadi hii.

Leo shangazi, na uwakili wake, alikuja kuwasomea wavuvi sheria ndogo ya kukataza nyavu za matundu madogo, waipitishe. Mimi nilipewa ripoti ya mtaalamu wa samaki, ya Kiingereza, niwasomee kwa Kiswahili. Dada, nakiri: niliruka sentensi moja ndefu kwa kuogopa kukwama mbele za watu. Ilisema nyavu hizo zikikatazwa ghafla, wavuvi watahamia kwenye matete, samaki wanakozaliana. Sheria ya kuwaokoa samaki ndiyo ingewamaliza.

Mikono ikaanza kunyooshwa kuipitisha. Nikasimama. "Samahani, kuna mahali nimeruka." Nikaisoma.

Mama mmoja mwanika dagaa akacheka: "Wakili, mume wangu ukimziba huku atatokea kule! Si ungetuuliza?"

Shangazi akaikunja sheria yake. "Haya mama, nauliza sasa," akasema, akaketi mchangani katikati yao.

Mimi hajanisemesha mpaka sasa. Nimewakumbuka mno. Msalimie mama, ila hili usimwambie kabla shangazi hajanisamehe.

Mdogo wako, Asimwe