Shukrani kwa Aliyefungua Maboksi Yangu Sita

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana shukrani imenijaa kifuani hadi chakula hakipiti. Mimi ni mfungashaji kwenye ghala la dawa, napanga insulini kwenye maboksi pamoja na zile pakiti za jeli za kutunza baridi, na kila mfungashaji anajua pakiti ikitoka friza huiweki moja kwa moja, unaiacha mezani mpaka itoke jasho, la sivyo inaigandisha dawa, na insulini iliyoganda ni ya kutupa hata kama kwa macho inaonekana nzima. Kwenye chumba chetu cha kufungashia kuna mama mmoja mtu mzima tunamwita Bi Jasho, kwa sababu anapita kila meza akiuliza, "Imetoka jasho hiyo?", na tumemcheka sana, mimi nikiwa kinara. Sasa Jumanne gari lilikuwa limeshawasha injini, nikapakia maboksi sita na pakiti zikiwa ngumu kama mawe, Bi Jasho akafungua moja, akasimamisha gari, tukaanza yote upya kabla dawa haijadhurika, saa nzima ikapotea, msimamizi akaja juu, "Nani kachelewesha mzigo?", na kabla sijafumbua mdomo Bi Jasho akasema, "Mimi, bosi. Uzee huu."

Mshauri, bado niko kwenye miezi ya majaribio, ningefukuzwa palepale. Nimemshukuru hadi kwa machozi, nimemnunulia kitambaa, kila asubuhi nambebea chai, naye ananiambia, "Fanya kazi, mwanangu." Lakini nimesikia wanatafuta mkuu wa chumba, nafasi ambayo sote tulijua angepewa yeye, na jina lake limewekwa kando kwa sababu ya saa ile moja. Mume wangu anasema ninyamaze. Nimshukuruje zaidi?

Mfungashaji, meza ya tatu

Wa meza ya tatu, nafurahi kwamba moyo wako unakusuta, wengine wangenyamaza na maisha yakaendelea. Nami namshukuru huyo mama kwa niaba ya wagonjwa ambao hawatamjua kamwe, waliojidunga sindano zao na dawa ikafanya kazi.

Lakini acha utani, binti. Kitambaa cha nini? Unamfuta mtu machozi huku umemkanyaga mguu! Anachohitaji unakijua fika, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya msimamizi wako. Mumeo anakutakia mema, ila yeye hakuwepo pale mezani.

Kesho, kabla ya gari la kwanza, nenda ofisini. Usiseme "kulitokea makosa", sema "nilikosea mimi". Taja maboksi yote sita. Bi Jasho usimwombe ruhusa, atakukatalia. Unaweza kufukuzwa, sikudanganyi. Ila msimamizi mwenye akili anajua kwamba boksi likishafungwa hakuna anayeona ndani, na anamhitaji mfungashaji anayejitaja mwenyewe.

Ukitoka humo, uwe na kazi au huna, mwambie huyo mama asante mara moja tu. Itatosha.