Mashine Nyepesi ya Kaka Yako

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha zamani.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zetu, za kaka yako na zangu. Natumaini wewe na mama watoto hamjambo, na lile jino limeshang'olewa, maana nakujua unavyomkimbia daktari wa meno, mwanaume mzima na ndevu zako. Sisi tunasukuma siku. Kaka yako kifua kinambana asubuhi, mimi magoti yamegoma kabisa kupanda ngazi, lakini tunaamka, tunashukuru. Nimechoka tu, Shemeji. Na uchovu wenyewe si wa kazi, ndiyo maana hata nikilala hauniachi.

Picha za zile mashine tatu za kusakia vyuma zilifika Jumanne. Kaka yako amezibandika kando ya kioo cha kunyolea. Kila asubuhi anasimama pale na povu shavuni, anabishana nazo. Ameshachagua: anataka lile dubwana jeusi lenye sahani kubwa, linaloweza kusikia chuma kilicho chini sana. Atakuandikia wiki hii. Nakuomba kwa heshima yote, usinunue kitu kabla ya kuimaliza barua hii.

Kwanza, uzito. Bega lake la kulia unalijua. Hii mashine ndogo uliyomletea ulipokuja mara ya mwisho, akiitembeza saa mbili tu, nampaka dawa jioni huku anaguna. Sahani yake imepasuka, ameizungushia solotepu, na mpini ameukaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ukimpa lile dubwana, mimi ndiye nitakayelibeba hadi uwanjani na kumrudisha nalo, na mimi sina mgongo wa ziada.

Pili, ile ya zamani haibagui. Ikisikia chuma inalia, basi, iwe dhahabu au kizibo cha soda. Na kaka yako anatafutia wapi? Uwanja wa kiwanda cha misumari! Nani mwenye akili timamu anasaka hazina mahali palipomwagwa misumari miaka na miaka? Ndugu yako wa damu. Alikuwa fundi wa mashine pale miaka ishirini na sita. Walipokifunga na kukibomoa, kukabaki majani, ngazi ya stoo isiyokwenda popote, na lango lenye mlinzi mmoja. Mlinzi mwenyewe aliwahi kufanya kazi chini yake, kwa hiyo anamwachia aingie.

Miezi ile ya mwanzo alirudi na misumari. Ndoo nzima, Shemeji. Anaimwaga uani, anaipanga kwa urefu, halafu anakaa kuitazama. Chakula akawa anakigusa tu. Suruali zikaanza kumvuka. Nikimwuliza ana nini, anajibu, "Sina kitu," na kweli sura yake ilikuwa ya mtu asiye na kitu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mlinzi analijua, lakini naye sikumwambia, alinifuma. Mchana, kaka yako akishakula na kulala, nilikuwa naingia uwanjani na kisu cha jikoni na kufukia vitu.

Ndiyo, umesoma vizuri. Nilianza na kijiko. Nilikiokota kwa muuza vyuma chakavu, nikakichoma jikoni hadi kikapiga weusi, nikakifukia karibu na palipokuwa na mlango wa chumba cha mashine. Kesho yake alirudi mbio mbio, anahema, viatu vyote matope. Akakisugua kwa mswaki wangu! Akaniambia kijiko hiki ni cha yule mpakia maboksi aliyekuwa akila wali wake amesimama, kwa sababu akikaa alisinzia. Akasimulia, akacheka, akala sahani mbili. Sasa wewe ungeacha?

Sikuacha. Nikafukia ufunguo, kifungo cha koti, hereni moja, pete ya pazia. Kila kitu alikipatia mwenyewe na hadithi yake, mtu aliyemjua, siku aliyoikumbuka. Ile hereni aliipa mhasibu. Nilitaka kumwambia ni yangu, pacha yake ilipotea siku ya harusi ya binti yetu, nikaumeza ulimi. Mlinzi naye akanikuta nimechuchumaa. Akanitazama, akatazama shimo, akasema, "Mama, watu huja hapa kuiba. Wewe ndiye wa kwanza kutuletea."

Kosa nililifanya mimi mwenyewe. Nilichukua sarafu tano kwenye kopo langu, nikaziloweka kwenye siki na chumvi siku tatu, nikazipaka masizi. Zikazeeka kuliko mimi. Kitu kimoja tu sikukitazama, mwaka ulioandikwa. Kaka yako, fundi wa kupima kila kitu, akachukua lenzi yake. Mimi nipo mlangoni na bakuli la mchuzi, namsikia anasoma kwa sauti. Zilitengenezwa miaka mitatu baada ya kiwanda kufungwa.

Nikajua yamekwisha. Wala hayakwisha. Alifikiri, akapiga paja, akasema kuna mtu mwingine anaingia mle na mashine. Anapoinama, sarafu zinamdondoka mfukoni. Akampa na jina, Bwana Mfuko. Toka siku hiyo, Shemeji, naishi na wanaume wawili. Bwana Mfuko kapita huku, Bwana Mfuko kachimba kule, Bwana Mfuko miguu yake midogo kama ya mtoto wa shule. Kandambili zangu hizo! Nikaanza kuvaa viatu vya binti, vikanitoa malengelenge.

Ungecheka, nami ningecheka, lakini akaanza kuwahi. Alitaka awe wa kwanza. Anatoka kabla jua halijachomoza, umande hadi magotini, mvua ikinyesha anaifunika mashine kwa koti lake na yeye analowa. Kikohozi kikahamia kwetu. Daktari alimkataza unyevu, akaitikia "ndiyo daktari" kwa adabu zote, kesho yake kabla ya chai hayupo kitandani. Na ndiyo maana anataka lile dubwana jeusi. Anataka kumshinda mtu ambaye ni mimi.

Basi nikaona dawa ni kuacha. Nisipofukia, Bwana Mfuko atakufa kifo chake, na kaka yako atatulia. Nikakaa wiki mbili bila kwenda. Alirudi na misumari, misumari tena. Nikamtazama mezani nikiogopa kuona ile sura ya zamani. Kilichomsumbua hakikuwa nilichokitarajia. Aliweka kijiko chini akasema, "Yule bwana haji tena. Hakuna hata shimo moja jipya. Sijui anaumwa."

Siku tatu alikuwa hivyo. Anamwulizia kwa mlinzi, na mlinzi, shetani yule, anamjibu kwamba labda ana mambo ya nyumbani. Siku ya nne, tukiwa tunakula mchana, akaniambia amemwachia kitu chini ya ngazi ya stoo. Akasema mtu akikosa mfululizo anakata tamaa, na anayekata tamaa anabaki ndani, na yeye anaijua hali hiyo. Kisha akaenda kulala.

Nilikwenda, Shemeji. Nilichimba kidogo tu, nikakuta kitambaa cha shati lake la zamani kimefungwa fundo. Ndani yake kibao cha shaba, cha mashine namba tisa, mashine aliyoihudumia toka akiwa kijana hadi siku ya mwisho. Katika vyote vilivyotoka mle uwanjani, hicho ndicho kitu kimoja cha kweli alichowahi kukipata mwenyewe. Alikuwa akikiweka chini ya mto, na mimi sikuwahi kuthubutu kukishika. Amempa mtu asiyemjua, mpinzani wake, ili asife moyo. Nilikaa kwenye ile ngazi nikalia kwa sauti, hadi mlinzi akageukia barabarani akajifanya anahesabu magari.

Ningekiacha pale, angejua Bwana Mfuko haji tena. Nikakichukua. Kimo ndani ya kopo la unga wakati nikiandika, na sioni raha. Kesho yake alirudi anapiga mluzi. "Kakichukua!" Akala, akaomba tena. Unaona nilivyojifunga? Nikisema, namnyang'anya rafiki. Nikinyamaza, namdanganya mtu aliyetoa kitu chake kipendwacho. Nimechoka hadi ulimi.

Kwa hiyo, kuhusu mashine. Usitume lile dubwana jeusi, hata akikuandikia kwa machozi. Usitume ile ya bei ya chini pia, ni ndugu wa hii aliyonayo. Tuma ile ya katikati, ya kijivu, nyepesi. Fundi redio wa hapa mtaani amenisomea maelezo yake pole pole. Unaweza kuiambia isijali misumari na ikanyamaza, na huko kwetu hiyo peke yake ni muujiza. Ina spika za masikioni, jirani watapumzika. Sahani yake haiogopi maji. Na ina kioo kinachoonyesha kitu kiko chini kiasi gani na ni cha aina gani.

Hicho kioo, nakwambia ukweli, ndicho kilichonifanya niikatae siku ya kwanza. Kitamwambia kwamba vitu vyote vilivyofukiwa kwa kisu cha jikoni viko juu juu, na yeye si mjinga. Sasa nakitaka. Sitafukia kitu tena, na nilivyobakisha ardhini avione vilivyo.

Ila kuna jambo amelipanga, na ndilo limenifanya nishike kalamu. Anasema mashine mpya ikifika, ya zamani atampa Bwana Mfuko. Ameshambadilishia betri, ameshakaza mpini. Siku ya kwanza ya mpya ataisimamisha ya zamani langoni, akae kando kumngoja, aje amshike mkono na kumwambia kazi iendelee wawili. Amemwambia hata mlinzi asimfukuze.

Nitakwenda kuichukua. Mchana kweupe, yeye akiwa amekaa pale ananiona. Sijui atacheka au atainuka aondoke. Asipocheka, Shemeji, itabidi ufunge safari, kwa sababu peke yangu sitamrudisha mezani. Kwa hiyo itume mapema, ningali na moyo wa kwenda.

Nisalimie mama watoto, mwambie kitambaa alichonitumia nimeshona, kimenikaa. Msalimie yule mrefu wenu, apunguze kugonga vichwa vya milango, na shangazi anayeishi nanyi, mwambie dawa yake ya mafuta ndiyo inayoshikilia bega la kaka yako. Binti yetu na mumewe wanawasalimu. Mlinzi pia, ingawa hamfahamiani, amesisitiza nimwandike.

Mungu awatunze mnapolala na mnapoamka, awaepushe na baridi ya huko.

Ni mimi shemeji yako, mwenye upendo mwingi na nguvu kidogo,

Bwana Mfuko.