Chumba cha Vitanda Viwili

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Barua hii naiacha wazi, bila bahasha, kwa sababu sina anwani yako, na kwa sababu jambo lenyewe nusu ya Butembo wanalijua, tena vibaya. Atakayekutana nawe huko Kampala akupe mkononi. Akitaka, aisome kwanza.

Unakumbuka Jumapili ile tulipokuwa tunachambua maharagwe nyuma ya nyumba? Tulikuwa tumetoka kanisani. Kambale, animateur, yaani kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo, alikuwa ametangaza kwamba tamasha la kuigiza litafanyika Beni katika likizo kubwa ya Julai, vita iwepo isiwepo, na kwamba mchezo wetu umekubaliwa. Wanawake wawili kando ya barabara, mmoja anakimbia, mwingine anabaki. Wewe ungekimbia, mimi ningebaki.

Wenzetu wote walikuwa walale kwenye mikeka, darasani. Wewe ndiye uliyesema sisi tulale otelini.

"Otele ya kweli, Kavira. Drap nyeupe ya kitanda mpaka kwa pua!"

"Na kama iko na kunguni?"

"Basi itakuwa kunguni ya otele, hapana ya kwetu."

Nilicheka mpaka ungo ukanitoka mapajani. Tangu siku hiyo hatukuwa na mazungumzo mengine. Ilikuwa otele ndogo ya Bungulu, mtaa wa Beni, yenye mpapai uani, ambayo rafiki yako alikuwa amekusimulia. Wewe ulitaka dirisha la kutazama pikipiki barabarani. Mimi nilitaka meza, niandike. Tulipanga nani ataoga kwanza. Tulipanga kula omelette asubuhi polepole, kama watu ambao barabara yao haina vizuizi vya askari. Mimi ambaye mawazo yangu hukaa ndani, kila asubuhi nilikuletea wazo jipya la otele, na wewe ulinisikiliza kwa makini sana. Sasa najua ulikuwa unapima kama nimeamini.

Ilibaki ruhusa ya Mama. Alikuwa amemfungia mlango yule mfanyabiashara wa kahawa aliyekutaka, mtu aliyekula meza moja na wakubwa wa waasi, na tangu hapo hukuruhusiwa kwenda mbali bila mtu wa kukusindikiza. Kwa hiyo ulinituma mimi. Mama alikuwa anasonga ugali, hakugeuka.

"Kavira, weye haudanganyake mutu. Utamuchunga yaya yako?"

"Nitamuchunga, Mama."

"Basi muende. Lakini ruhusa minakupa weye, hapana yeye."

Ulikuwa nyuma ya mlango, umesikia yote. Uliponikumbatia, moyo wako ulikuwa unapiga kwa nguvu. Nilidhani ni furaha.

Halafu yale mazoezi ya mwisho, katika kiwanja cha kanisa. Ulifika kwenye maneno yako ya kuaga, "Usiniangalie, nitashindwa kutembea," ukalia kweli, makamasi yakatoka. Mimi nilikukemea. "Yaya, unazidisha. Batu batacheka." Ukajifuta kwa mkono wa blauzi, ukasema, "Acha nizidishe leo." Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko maneno yote ya mchezo. Ulikuwa unaniaga mbele ya kikundi kizima, na mimi nikakusahihisha.

Siku ya safari ulisema gauni lako liko bado kwa fundi, kwamba utakuja na lori la pili, pamoja na Kambale. Ulinipa sanduku lako. "Tangulia, ukamate chumba." Nililipakata njia nzima, vumbi la Julai likitujaa mdomoni. Kwenye kila kizuizi askari walilidunga kwa mtutu wa bunduki wakiuliza lina nini, na mimi nikajibu, "Ni nguo za yaya yangu." Hata sanduku nilikutetea.

Beni kulikuwa na joto lile ulilokuwa unalitamani. Mama mwenye otele alinifungulia mlango akasema, "Vitanda viwili, sawa vile mulisema. Mwenzako?"

"Anakuja."

Nilikuwekea kitanda cha dirishani. Kisha nikafungua sanduku ili nitundike nguo zako zisijikunje. Ndani mlikuwa na pazia la chumba chetu, lile la maua ya njano, limekunjwa vizuri, na chini yake magunia matupu. Hapakuwa na gauni, wala kitana. Nilikaa sakafuni, pazia mikononi, nikitafuta sababu ambayo ingekuokoa. Nilizipata nyingi. Nilikuwa bado ninazipanga Kambale alipofika mchana.

"Masika? Lakini mi nilipita kwa uwanja ya ndege ya Rughenda asubuhi kusindikiza mugeni, nikamuona anapanda ndege na ule mutu ya kahawa. Nilizani mulishasikilizana."

Mulishasikilizana. Hivyo ndivyo kila mtu anavyodhani, yaya, mpaka leo.

Kambale alitaka kulifuta jina la mchezo wetu. Nilikataa. Si ushujaa. Nilikuwa na hasira na sikujua mahali pengine pa kuipeleka. Niliingia jukwaani peke yangu. Kila mahali palipokuwa na maneno yako nilinyamaza kwa muda ambao ungeyasema, nikitazama pale ambapo ungesimama, kisha nikajibu. Askari waliokaa mstari wa mbele, bunduki katikati ya magoti, walianza kucheka. Mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu anaongea na nani?" Mwanamke mmoja nyuma yake akamjibu, "Nyamaza weye! Anaongea na mwenye alienda." Ukumbi ukatulia. Mwishoni walisimama wakapiga makofi, wengine wakilia. Walikuwa wanashangilia kitu ulichonifanyia asubuhi ile ile, na mimi nikainama kuwashukuru.

Kesho yake mama mwenye otele alileta omelette mbili. Nilikula yangu, kisha nikala na yako.

Nyumbani nilimwambia Mama yote. Alilitoa pazia sandukuni, akalitandaza magotini.

"Nani anabebaka sanduku Butembo mpaka Beni bila kujua yenye iko ndani?"

"Mimi, Mama. Sikujua."

"Batoto bangu babili balinipangia uongo," alisema. Hakupiga kelele. Alilifua pazia, akalirudisha dirishani, na mimi nalala chini yake.

Kuondoka kwako naweza kukuelewa siku nyingine, nikiwa mkubwa zaidi. Watu wanaondoka kila siku, vita imetuzoeza. Lakini ulipotafuta kitu cha kumfunika Mama macho, ulichukua neno langu. Kitu pekee alichokuwa anakiamini katika nyumba ile ulikichukua, ukakitumia mara moja, ukakiacha. Sasa nikimwambia naenda mtoni, anamtuma mtu kuangalia kama niko mtoni. Nikijitambulisha mahali, "Naitwa Kavira," wanauliza palepale, "Na Masika wenu?" kwa kuwa kila Munande, mtu wa kabila letu, anajua Kavira ni msichana wa pili, lazima kuna Masika aliyemtangulia. Siwezi hata kusema jina langu bila kukutaja.

Vitenge unavyotuma kupitia wafanyabiashara vinafika. Mama havigusi. Navitia katika sanduku lako, na bado halijajaa.

Julai hii tamasha litakuwepo tena. Kambale alikuja kuniombea ruhusa, akiwa amevaa shati la ibada. Mama hakumwacha amalize. "Aende Beni kufanya nini? Ule muchezo nilishauona." Nilikuwa nimekaa hapo hapo.

Sikuombi urudi. Siulizi kama mtu wako anakutunza. Naomba sentensi moja tu, yaya, na umtume nayo mtu mzima ambaye Mama anamheshimu, aliyekutazama usoni ukiitamka: Kavira hakujua. Ikifika, labda nitapewa njia. Nitakwenda Beni, nitamwomba mama wa otele chumba cha kitanda kimoja, chenye meza, na akiniuliza kuhusu mwenzangu nitamjibu kwamba simngoji mtu.

Isipofika, nitajua ulinisikia na ukanyamaza. Kunyamaza kwako nishakuzoea, nilikujibu ukumbi mzima ukitazama.

Ubaki na amani huko uliko, kama unaweza.

Ni mimi mdogo wako, uliyembebesha pazia,
Kavira