Sponji za Hedifoni ya Baba Severa

Baba Severa,

Nimeenda kupanga foleni ya sukari. Uji wa mtoto uko jikoni, umefunikwa. Ukipita Kariakoo ulizia hedifoni mpya... Huo mstari nimeukata, usiusome.

Wewe ulitaka mpya, mimi nikasema tubadilishe sponji tu, maana zilikuwa zinakuachia unga mweusi masikioni mpaka kanisani. Nikashona za kitenge, nikajaza sufi ya mto wangu, nikajiona fundi. Asubuhi hii umezivaa wakati wa mchezo wa redio, ukacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi na Severa tukabaki kukutazama mdomo.

Ndipo nilipoelewa. Unavaa hedifoni ili Mzee Uwesu wa chumba cha pili alale akitoka zamu ya usiku. Lakini zile sponji mbovu zilikuwa zinavujisha sauti kidogo, nasi tunacheka pamoja nawe.

Kwa hiyo hatununui kitu. Zangu nimezifumua, zile mbovu nimezirudisha, sufi imerudi kwenye mto. Kesho kwenye chai kaa katikati yetu, kila mtu apate sikio lake.

Mama Severa,
sikio la kulia