Nimerudi kwa Vijana wa Kanisa, Wao Wamehamia Saluni

Mshauri mpendwa, salamu nyingi, na msaada ninaouomba nao uwe mwingi, maana mimi ni mtu mzima mwenye mvi na sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningeandika barua gazetini kama kijana aliyeachwa na mchumba, lakini nimezidiwa. Nimestaafu kazi ya kufundisha udereva, kazi niliyoifanya nikiwa kwenye kile kiti cha abiria chenye breki yake ya mwalimu, na hata leo tukipanda teksi mke wangu hunicheka kwa sababu mguu wangu wa kulia hukanyaga sakafu kila dereva anapokaribia kona, lakini hiyo si shida, shida yangu iko kanisani.

Nilipokuwa kijana nilikuwa kiongozi wa vijana, tukiimba, tukitembelea wagonjwa, tukipaka rangi nyumba za wajane, na huko ndiko nilikompata mke wangu, kisha ndoa ikaja, watoto wakaja, Jumamosi zangu zikaliwa na wanafunzi wa udereva, nikatoka kwenye umoja wa vijana bila hata kuaga. Sasa watoto wana nyumba zao, yetu imepoa, na mchungaji alipotangaza kwamba vijana hawana mlezi na anatafuta mtu wa kujitolea, nilisimama kabla hajamaliza kusema, mke wangu akanivuta koti, mimi nikazidi kusimama. Nikakabidhiwa ufunguo wa ukumbi wa nyuma, na mshauri, nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima, watu wakinigeukia.

Nimefanya kila kitu. Nafika kabla ya wote, nafuta viti, nafungua madirisha, nachemsha chai, na mazungumzo yakianza nayaongoza mwenyewe, kwa sababu mwenyekiti wao, binti mmoja msusi, ni mwerevu sana lakini ana tabia ya kuuliza swali halafu ananyamaza, ukumbi mzima unakaa kimya unasikia viti vinavyolia, na mimi siwezi kuacha mambo yakwame namna hiyo, basi najibu mimi. Jumamosi moja kijana mmoja mpole, fundi bomba, alisimama akasema amepoteza kazi na siku hizi akipiga magoti haoni kama kuna anayemsikiliza, nikaona jambo linaelekea pabaya mbele ya wadogo, nikamkatiza kwa upole, nikampa mistari mitatu ya Biblia, nikasimulia na mimi nilivyovumilia enzi zangu, nikafunga kwa sala. Wote wakasema amina. Fundi bomba hakurudi, na wengine wakaanza kupungua, huyu ana mafua, yule ana msiba kwa jirani, nami nikawa nawaombea.

Wiki iliyopita nikamfuata mke wangu saluni kwa yule binti msusi, nikasukuma mlango, nikawakuta vijana wangu wote, wengine wamekalia ndoo zilizopinduliwa, wengine wako sakafuni katikati ya nywele, fundi bomba ndiye anayesema na machozi yanamtoka, hakuna anayemjibu kitu, na mke wangu mwenyewe yuko pale, kichwa nusu kimesukwa nusu bado, anasikiliza. Wakaniona. Binti akasema, “Shikamoo mwalimu, karibu kiti,” na wote wakainuka kunipisha, adabu tupu, na adabu hiyo ndiyo iliyonichoma. Njiani nikamuuliza mke wangu amejua tangu lini. Akanijibu, “Tangu mwanzo, Baba Watoto. Ningekwambia, ungekuja kuwafungulia kikao kwa sala.”

Sasa mchungaji anataka niwaeleze wazee wa kanisa vijana wanaendeleaje. Je, niseme kuna mkutano wa siri saluni, au nirudishe ufunguo nikae nyumbani, maana wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka? Nawapenda watoto hawa, mshauri. Nikizikosa Jumamosi zile sijui nitabaki na nini.

Mlezi Asiye na wa Kulea

MSHAURI ANAJIBU

Mlezi, pole. Kusukuma mlango ukakuta watu wako wamekaa vizuri bila wewe kunauma, na kunamuuma zaidi aliyezoea kuwachemshia chai. Sitajifanya ni jambo dogo. Ila pole yangu inaishia hapo.

Kwanza liondoe hilo neno “siri”. Saluni ile mlango wake uliusukuma tu ukafunguka, na mke wako alikuwa ndani. Mkutano unaohudhuriwa na mke wa mlezi, kichwa nusu kimesukwa, si wa siri. Ni mkutano ambao wewe hukualikwa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Ukienda kuusema mbele ya wazee watapiga marufuku, na fundi bomba hatakuwa na pa kulia. Usithubutu.

Umeniandikia barua ndefu, na mistari uliyompa kijana yule umeihesabu, lakini hukuniambia kama amepata kazi nyingine. Nadhani hujui. Nadhani hukuuliza. Mtoto wa watu alisema akiomba haoni kama kuna anayemsikiliza, nawe ukamkatiza. Mzee wangu, hata ungekaa ukapanga, usingepata jibu baya kuliko hilo. Kisha ukafunga kwa sala, wakasema amina, ukadhani wamekubali. Amina nyingine maana yake ni “twende nyumbani”.

Na huyo binti anayeuliza halafu ananyamaza, hajakwama. Anasubiri. Jambo zito halitoki mdomoni mara moja, na kila lilipokaribia kutoka wewe ulikuwa umeshajibu.

Methali yako ni ya kweli, ila akufukuzaye hakupishi kiti. Walioinuka pale wanakuheshimu. Tatizo ni kwamba wanakuheshimu mpaka hawawezi kukwambia unyamaze, wakaona heri wahame. Hebu kumbuka enzi zile mlipokuwa mkipaka rangi nyumba za wajane. Mlezi wenu alikuwa nani? Hukumtaja hata kwa neno moja. Labda hamkuwa naye. Labda alikuwepo, akashika ngazi wakati nyinyi mnapanda, na alikaa pembeni vizuri kiasi kwamba umemsahau. Ulezi wenyewe ndio huo, na hauna makofi.

Nyumba iliyopoa ni huzuni ya kweli na siicheki. Lakini vijana hawakupewa mlezi ili nyumba yako ipate moto. Ukiwa mpweke, mwambie mke wako, anaonekana ni msikilizaji mzuri.

Sasa fanya hivi. Ufunguo usimrudishie mchungaji, mpe msusi. Mpe mkononi, bila hotuba. Wazee waambie vijana wanakutana na wanashikana mikono, na zaidi ya hapo wamwite mwenyekiti wao awaeleze mwenyewe, nawe ukae chini. Kisha mtafute fundi bomba, bila Biblia kwapani, umwambie, “Nilikukatiza. Nisamehe.” Akinyamaza, nyamaza naye. Uliowafundisha udereva wametapakaa mji mzima, wengine sasa wanajenga. Waulize kama kuna mabomba ya kufungwa, halafu mpelekee habari kijana. Saluni usikanyage mpaka uitwe, na mke wako ukimfuata, msubirie nje. Kuacha kabisa nakukataza, maana ulishatoka mara moja bila kuaga na inatosha. Chai endelea kuchemsha.

Watarudi ukumbini, si wote na si upesi. Wakirudi, kaa kiti cha nyuma. Kuna mtu atasimama aanze kusema jambo unaloona linaelekea pabaya, na mguu wako wa kulia utakanyaga sakafu. Uache ukanyage. Usukani ameshika mwingine, na upande wako hakuna breki.