Isaka Amechelewa

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Mchele hautoki. Wazambia wachache leo hapa mpakani. Erica, mke wa kaka Isaka, kapiga mara mbili kutoka Kitwe. Kelele za malori — sikusikia kitu, laini ikakata. Baadaye meseji, kwa Kiingereza maana Kiswahili hajui: "Isaka is late. Please inform mum."

Late. Shuleni late comer alikuwa anafagia uwanja, kwa hiyo neno hilo nalijua vizuri! Isaka alikuwa afike Jumamosi, tuende wote kwa mama, kijijini Isansa. Mara ya kwanza tangu mama amfukuze kwa sababu ya kuoa Mbemba, Mzambia. Nikajibu: "No problem. We will wait."

Nikampigia mama. Akacheka. Eti Isaka hata kuzaliwa alichelewa, mkunga alishakata tamaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wateja afadhali. Simu ya Isaka haipatikani. Atakuwa njiani.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama kapiga asubuhi, kapiga tena saa nne. Kaka hajafika.

Bana Mwila, yaani mama yake Mwila, mteja wangu wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, alikuja kuchukua mchele. Nikamlalamikia huyu wifi yangu — meseji moja halafu kimya! Nikamwonyesha. Akasoma. Akaiweka simu juu ya gunia, taratibu. Akaniuliza kama tumeshalia.

Tulie nini?

"Kwetu mtu akiwa late hajachelewa, dada. Amefariki."

Nikabisha. Nikamwambia marehemu ni "the late", lazima iwepo "the". Akasema hiyo "the" labda ni ya shule zenu. Kwao wanasema hivyo hivyo, ni lugha ya adabu, hawapendi kutaja kufa.

Nikampigia Erica. Akapokea kaka yake. Ni kweli. Kifua, Jumatano usiku. Mazishi Jumatatu. Akasema jibu langu limesomwa na msiba mzima, Erica hataki hata kunisikia. Nikajaribu kueleza. Kiingereza kikaniishia.

Nikamalizia kumpimia Bana Mwila mchele. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Halafu nikafunga duka.

Mama kapiga tena jioni. Sikupokea. Jambo hili haliambiwi kwa simu.

Jumapili, 10 Agosti

Isansa. Tukipata basi la leo jioni tutawahi kuzika.

Nimemkuta mama ametoka kanisani, bado na kitenge chake kipya, anageuza kahawa iliyoanikwa uani. Nilikuwa nimejipanga kusema pale pale mlangoni. Akaniwahi. Anasema usiku amefikiri. Isaka hakuchelewa bure — anaogopa. Anadhani mama yake bado ana hasira. Sasa nimwandikie mkewe, kwa Kizungu chao: mama amesamehe, waje wote wawili, na huyo Mbemba atamwita binti yake.

Nikasema, "Mama."

"Andika kwanza, Loisi. Maneno yako baadaye."

Nikasema basi ngoja nianzie kwenye daftari, Kiingereza kisikosewe. Ndiyo hapa ninapoandika. Amekaa kwenye kigoda mbele yangu, anaifuata kalamu kwa macho. Anaona maneno ni mengi, amefurahi. Anasema Erica ataona kwamba yametoka moyoni.

Sasa anataka nimsomee.